Pikipiki ya Bwana Lyatuu

Bwana Lyatuu, tajiri wa kutengeneza gemu za simu pale Tanga, alitangaza kwamba atakayekuwa wa kwanza kumaliza gemu yake ya Mbio za Milimani, mbele ya watu, atapewa pikipiki mpya. Hakusema kwamba kilele cha mlima kimefungwa, na kwamba ufunguo wake unauzwa kando kwa bei kubwa kuliko gemu yenyewe.

Siku ya mashindano ukumbi ulifurika. Sikudhani, msusi wa Chumbageni, aliwatangulia wote mpaka kwenye lango lililofungwa, akasimama.

"Nunua ufunguo, dada, wenzako hao wanakuja!" Bwana Lyatuu alimhimiza.

"Kumbe mliniuzia gemu nusu?" Sikudhani alilia kwa sauti. "Basi nirudishieni pesa yangu."

Watu wakaanza kunung'unika. Wengine nao wakadai zao.

Bwana Lyatuu akanyakua kipaza sauti. "Jamani, tulieni! Gemu mliyonunua imekamilika, haipungui kitu. Kilele ni nyongeza tu, kitu kingine kabisa."

"Kwa hiyo si sehemu ya gemu yangu?"

"Si sehemu yake hata kidogo."

"Na gemu yangu inaishia wapi, bosi?"

"Hapo hapo langoni ulipo."

Sikudhani akafuta machozi, akanyoosha mkono.

"Basi nimemaliza, tena wa kwanza. Naomba ufunguo, ila huu wa pikipiki."

Ukumbi mzima ukashangilia, na jioni ile Sikudhani alirudi Chumbageni akipiga honi njia nzima.