Mchicha Juu ya Tanuri la Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika huku mnakohoa? Paukwa tena!

Pakawaaa!

Haya, kumbe mko hai. Sikilizeni.

Zamani za kale, katika mji wa wanyama, Fisi alikuwa na tanuri la matofali. Mchana moshi fuu! Usiku moshi fuu! Na watoto wa jirani yake, Bi Panya, kho-kho-kho! Kitindamimba wao, Chepe, alikohoa mpaka akashindwa kunyonya.

Bi Panya akapanda mchicha kwenye viroba juu ya paa. Mchicha ukavuta moshi pamoja na hewa yake ya ukaa, ukaishusha mizizini, ukaifungia udongoni. Chepe akaanza kunyonya tena.

Siku moja Tembo, mkuu wa mji, akatangaza, "Kesho nakagua! Mwenye moshi asiye na bustani ya kuumeza, ahame!"

Fisi huyo, mbio kwa Bi Panya. Hodi? Thubutu!

"We Panya! Mchicha wako umeshiba moshi wa nani?"

"Wako, Mzee."

"Basi mchicha ni wangu. Nauchukua."

Moyo ukampasuka Bi Panya. Bila viroba vile, Chepe wake hana siku nyingi. Lakini akachekelea.

"Chukua, Mzee wangu! Ila ukiuweka mbali, Tembo atasema si wako. Uweke juu ya tanuri, palepale kwenye tundu la moshi. Moshi ukichungulia tu, mchicha hap!"

"Nilishawaza hivyo," akasema Fisi. Muongo mkubwa!

Akabeba viroba, hee-hee! Akabeba udongo, hee-hee! Akabeba samadi, hee-hee! Akaziba tundu, akaziba na mdomo wa tanuri.

"Na maji, Mzee?"

"Unanifundisha kazi?"

Akamwaga pipa zima. Tanuri likalia fsssss! Kisha kimya.

Tembo alipofika, alikuta bustani juu ya tanuri baridi. Nusura alie.

"Fisi! Umezima moto wako kwa ajili yetu? Hongera! Na ole wake atakayeuwasha tena!"

Fisi akafungua mdomo aseme ukweli. Akakumbuka kuhama, akaufunga. Akavishwa shada, akahutubia kutwa nzima jinsi anavyopenda majani, yeye ambaye jani alilijua kwa kupangusia damu mdomoni.

Hadi leo Fisi anamwagilia, Bi Panya anachuma. Chepe kanenepa, hapiti mlangoni.

Fundisho, wanangu: msipande chochote. Kohoeni kwa adabu, mngoje wenye matanuri wawahurumie. Na mkingoja, panueni midomo, moshi uingie vizuri.

Hadithi naifungia hapa. Asiyeshiba akachume mchicha, ila amshukuru Fisi kwanza.