Nungunungu na Mwaka wa Mikato Minne

Hodi. Ngano yangu iko mlangoni.

Semeni: Ipite, tumeshakaa.

Imekuja na wanyama wake. Niwaingize?

Semeni: Waingize wote.

Zamani, zamani sana, wala majani na wala nyama walipokuwa wakisoma shule moja, aliishi Nungunungu na mama yake katika pango dogo karibu na shimo la chumvi. Nungunungu alikuwa amemaliza masomo kwa Mwalimu Bundi. Alisoma miaka mitatu, na kila mwaka mwalimu alimkatia alama kwenye kijiti chake. Aliyefanya vizuri kupita wote alikatiwa mikato kumi. Nungunungu mwaka wa kwanza alipata saba. Mwaka wa pili alipata minne. Mwaka wa tatu alipata mitano.

Saba, minne, mitano. Si kijiti cha kufichwa uvunguni, wala si kijiti cha kuonyesha wageni.

Ng'ambo ya mlima kulikuwa na Chuo cha Biashara, na wenye chuo walikuwa korongo. Korongo ni ndege wa safari. Anajua nchi hii inalima nini na nchi ile inakosa nini. Kila mwaka, mvua zilipokwisha, Bwana Korongo alishuka kwenye kinamasi, akakaa siku moja tu, akasikiliza wanaoomba nafasi, akachagua mmoja. Aliyekataliwa hakusikilizwa tena maisha yake yote.

Nungunungu alikitaka chuo hicho. Alikitaka kwa sababu chumvi ya shimo lao ilikuwa inakwisha. Zamani mnyama aliilamba akiwa amesimama. Siku hizo ilibidi apige magoti, na Nyati aliingiza kichwa chote mpaka pembe zikagonga ukingo. Ng'ambo ya mlima chumvi ilikuwa tele, lakini hakuna mnyama wa kwao aliyejua namna ya kuagiza bidhaa kwa mgeni, kupatana naye, na kuifikisha nyumbani salama. Huko ndiko kulikofundishwa mambo hayo.

Aliyeomba alitakiwa kwenda na vitu vitatu. Kijiti chake cha alama. Neno la mtu anayemjua. Na habari yake mwenyewe, aiseme kwa kinywa chake.

Sasa sikilizeni habari ya ile mikato minne, maana ndiyo ngano yenyewe.

Katika mwaka wa pili wa masomo yake, wanyama walikuwa wakigombana kila asubuhi kwenye shimo la chumvi. Mwenye pembe aliingia, asiye na pembe alirudi nyumbani na kiu ya chumvi. Nungunungu akapata wazo. Alijing'oa miiba, akampa kila mnyama mmoja. Mnyama akaupanda mwiba wake kwenye foleni, akarudi kulea watoto wake. Zamu ilipofika, Nungunungu alimwita. Ugomvi ukaisha. Nungunungu akasifiwa, akapenda sifa, akaacha kwenda darasani.

Kisha wakaja shangazi zake watatu kutoka mbali. Nungunungu akaiweka miiba yao mbele, akasukuma ya wengine nyuma. Siku ya kwanza hakuna aliyeona. Siku ya pili hakuna aliyesema. Siku ya tatu Ngiri alihesabu, akaona mwiba wake uliokuwa wa tatu umekuwa wa kumi na moja. Akasukuma. Nyati naye akasukuma. Ukingo ukabomoka, shimo likajaa udongo, na kiangazi chote kikapita bila chumvi. Ndama wa siku zile walikua na miguu dhaifu.

Mwaka wa tatu Nungunungu aliutumia kufukua shimo kwa makucha yake, na kwenda nyumba moja baada ya nyingine kuomba radhi. Ndiyo sababu ya mikato mitano. Habari hiyo ilimuuma, na hakupenda kuisema.

Wengine wawili nao waliomba nafasi mwaka huo. Kasuku alikuwa na mikato minane kila mwaka. Mbweha alikuwa na tisa, sita, tisa.

Kasuku akamshauri Nungunungu waende pamoja kwa Simba kuomba neno. Nungunungu akasema Simba hamjui.

"Hata mimi hanijui, dada," Kasuku akamjibu. "Nani kakwambia lazima akujue?"

Kasuku akaenda peke yake. Simba hakumtazama hata usoni. Karani wake akachukua jani kutoka kwenye rundo la majani yaliyokwisha kuandikwa, Simba akaligonga kwa wayo wake, basi. Kasuku hakulisoma. Aliitazama ile alama ya wayo mkubwa njia nzima mpaka kwake.

Mbweha yeye alikuwa na ushauri mwingine. Alimwambia Nungunungu kwamba makorongo wana moyo laini, na mikato michache husamehewa ukiwa na msiba. Yeye ataeleza kwamba mwaka wa mikato sita alifiwa na mama. Akamkumbusha Nungunungu kwamba mama yake aliwahi kuugua kweli, tena sana. Basi aseme aliugua mwaka wa pili na wa tatu. Nani atakwenda kuuliza?

Nungunungu akarudi nyumbani akiliwaza jambo hilo. Mama yake alikuwa anachambua mizizi. Huyu mama alikuwa mtu wa kumbukumbu. Alijua nani alizaliwa mwaka wa nzige na nani mwaka uliofuata, na mtu akikosea mbele yake, alimsubiri amalize, kisha akamsahihisha taratibu. Nungunungu akamweleza maneno ya Mbweha, sauti ikiwa chini.

Mama akaendelea na mizizi yake. Mwisho akasema:

"Mimi niliugua mwaka wako wa kwanza. Nililala miezi minne, nikainuka mbegu zinachipua. Ukitaka kuniuguza, niuguze mwaka niliougua."

"Lakini mwaka huo nilipata saba, mama."

"Ndivyo ilivyokuwa."

Nungunungu akaketi, akamsaidia kuchambua mizizi.

Asubuhi yake alikwenda kwa Ngiri. Ni Ngiri yule yule aliyehesabu miiba, aliyewahi kumwita mwizi mbele ya watu. Nungunungu akamwamkia, akamwomba amwandikie neno. Ngiri akacheka hadi akakohoa, akamuuliza kama huko kote hakumpata rafiki. Nungunungu akamwambia rafiki anao, ila wao walimsifu tu, na Ngiri ndiye aliyetazama kazi yake mwiba kwa mwiba. Ngiri akaomba jani na kijiti cha kuandikia.

Siku ikafika. Bwana Korongo alisimama kinamasini kwa mguu mmoja, na waombaji watatu wakakaa mbele yake.

Akaanza na Kasuku. Akapokea kijiti, akakisifu. Akapokea jani la Simba, akalisoma kwa sauti. Lilisema hivi: "Huyu namjua tangu utotoni. Ana miguu minne imara, na hakuna anayemshinda mbio."

Korongo akamtazama Kasuku, akaitazama miguu yake, akaihesabu.

Akamwomba akimbie mpaka kwenye kichuguu na kurudi. Kasuku hakuthubutu kusema kwamba Simba amekosea. Akakimbia. Alikwenda akiyumba kama aliyevaa viatu vya mtoto, na aliporudi alikuwa na tope mpaka kifuani. Korongo akamshukuru, akamwambia apumzike.

Akaitwa Mbweha. Mbweha alieleza msiba wake vizuri. Alieleza mama alivyomshika mkono, alivyomuusia asome, alivyofumba macho. Alilia, na Korongo mwenyewe akapangusa jicho kwa bawa. Nungunungu akaona nafasi imekwenda. Akajiwazia kwamba hata yeye anaweza, kwamba ni mwaka mmoja tu wa kusogeza, na ugonjwa wenyewe ni wa kweli.

Mara akatokea mama mmoja, kikapu kichwani, anahema kwa mwendo. Akaamkia wote. Akasema samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa, lakini mtoto wake ameondoka bila kula, na akiwa na njaa hasemi mambo ya maana. Akamkabidhi Mbweha kikapu. Korongo akauliza yeye ni nani kwa kijana huyu.

"Ni mimi niliyemzaa, baba."

"Pole sana, mama," Korongo akamwambia. "Tumetoka kukuzika sasa hivi."

Mbweha hakukifungua kikapu kile. Alikichukua, akaondoka, mama yake akimfuata nyuma na kuuliza nani amefariki.

Akabaki Nungunungu. Korongo, ambaye sasa alikuwa na hasira, akakipokea kijiti chake, akapitisha mdomo juu ya mikato.

"Saba, minne, mitano. Hao waliotoka wana zaidi yako."

"Ndiyo, Bwana."

"Mwaka wa pili uliugua?"

"Sikuugua."

"Nani aliugua nyumbani?"

Nungunungu akasema aliyeugua ni mama, lakini mwaka wa kwanza. Korongo akauliza, mwaka wa mikato saba? Nungunungu akasema ndiyo, kila akitoka darasani alikaa kando ya mama na hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo alisoma sana. Kisha, kwa kuwa alikwisha kuanza, akasema yote. Akaeleza miiba na foleni. Akaeleza sifa zilivyomlevya. Akawataja shangazi watatu, na siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akaeleza ukingo ulivyobomoka na ndama waliokua na miguu dhaifu. Hakulia, wala hakuongeza. Alisimulia kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Korongo akalichukua jani la Ngiri. Liliandikwa kwa mwandiko mbaya, nalo lilikuwa fupi.

"Alinikosea. Akaja kwangu akasema amenikosea. Akanirudisha nafasi ya tatu mbele ya wote. Shimo amelifukua yeye, nimeona. Mimi Ngiri."

Korongo akashusha mguu wake wa pili. Akauliza swali moja la mwisho.

"Leo uko hapa. Nani anaisimamia foleni?"

"Hakuna, Bwana. Inakwenda. Siku hizi kila mmoja anaupanda mwiba wake machoni pa wawili, wa mbele yake na wa nyuma yake. Hao ndio mashahidi wake. Tangu mwezi uliopita mimi sijatia mkono."

Siku hiyo Korongo alikuwa amekwisha kudanganywa mara mbili. Akafungua mabawa, akaruka kuelekea shimo la chumvi, akamwacha Nungunungu peke yake kinamasini na kijiti chake na jani la Ngiri.

Kule shimoni Korongo akatua juu ya mti akatazama. Akaona miiba imepangwa mstari mmoja. Akaona Kobe analamba chumvi bila haraka, na Nyati, na ukubwa wake wote, yuko nyuma yake anangoja. Akaona Ngiri. Akahesabu mpaka nafasi ya kumi na saba, na hapo akamwona nungunungu wa makamo amekaa karibu na mwiba wake, na nyuma yake shangazi watatu. Akashuka, akamwamkia, akamuuliza yeye ni nani. Mama akamwambia ni mama wa yule mwenye miiba. Korongo akamuuliza imekuwaje basi mama wa mwenye miiba akae wa kumi na saba.

"Nilichelewa kuamka," mama akasema.

Korongo akarudi kinamasini. Nungunungu alikuwa amekaa pale pale. Korongo akamwambia ajitayarishe, kwa kuwa njia ya mlimani ni mwendo wa siku tisa, na masomo yanaanza siku ya kumi.

Akaenda. Alisoma kwa shida, maana hesabu hazikumpenda na yeye hakuzipenda. Lakini alimaliza. Aliporudi, alirudi na punda milia arobaini, kila mmoja amebeba chumvi pande zote mbili, na tangu hapo wanyama wa nchi ile wanailamba wakiwa wamesimama.

Na funzo lake ni hili, lishikeni. Ukienda kuomba nafasi ukiwa na alama za wastani, usiazime jina la mkubwa asiyekujua, wala usimzike aliye hai. Sema mahali ulipokosea, mwaka wenyewe na siku yenyewe, na uonyeshe ulipopatengeneza. Kazi uliyoitengeneza itakusemea hata wewe usipokuwapo.

Ngano yangu imevaa viatu, inaaga.

Semeni: Iende salama.

Na aliyeisikia asiipunguze, wala asiiongeze.

Semeni: Tumeipokea ilivyo.