Pumba za Bi Sufi

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani, babu yangu hajaota hata ndevu, palikuwa na zizi la kondoo. Mkuu wa zizi alikuwa mbuzi, Mzee Beberu.

Kondoo mmoja, Bi Sufi, akaanza kukonda. Anakula, anakonda. Anakula, anakonda! Akaharisha, pruu, pruu, mpaka mifupa ya mgongo ikahesabika. Beberu akamtenga kwenye kibanda cha peke yake. Akampa hori lake, maji yake, na pumba za mahindi kila asubuhi.

Kondoo jirani wa Bi Sufi, Bi Madoa, alikuwa na binti mchanga, Kidoti. Zile pumba zikamkaa rohoni Bi Madoa, usingizi haumjii.

"Kwani yeye nani?" akanung'unika. "Sisi majani makavu, yeye pumba! Sisi tunabanana, yeye kibanda! Mwanangu ana kasoro gani?"

Siku moja wenzake wako malishoni, akasukuma wigo, kwaru, kwaru, akampenyeza Kidoti ndani.

Bi Sufi akapiga kelele. "Shoga, mtoe mtoto! Ugonjwa wangu uko kwenye kinyesi, na kinyesi kimetapakaa mpaka horini. Wadogo ndio hushikwa upesi!"

"Choyo hicho!" Bi Madoa akabetua midomo. "Kula, mwanangu, kula!"

Kidoti akala. Nyam, nyam, nyam. Kesho akala, keshokutwa akala. Hakuumwa hata tumbo. Bi Madoa akatamba zizi zima: "Mmeona? Uongo mtupu!"

Bi Sufi akafa. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Kidoti akawa kondoo mzuri, wa kuposwa. Halafu, jamani! Anakula, anakonda. Anakula, anakonda.

Beberu akaja, akampapasa mgongo, akaenda kukata miti ya kibanda.

"Mzee, si ugonjwa ule!" Bi Madoa akalia. "Alikula zamani sana!"

"Ulijificha tumboni, Bi Madoa. Na dawa hauna."

Kidoti akatengwa. Mama yake akabaki nje ya wigo, analia.

"Mama," Kidoti akamwita, "Bi Sufi hakukuonya?"

Bi Madoa akainamisha kichwa.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: wivu humfanya mtu aone onyo kuwa ni choyo, na anayelipa ni mtoto. Mgonjwa akikwambia kaa mbali, kaa mbali.

Hadithi yangu imekomea hapo. Kanaweni mikono, tule.