Neno Moja la Malkia Korongo

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya wagonjwa? Paukwa!"

"Pakawa!"

"Haya, sasa nimewasikia. Kombo, acha kuchokoa viazi, havijaiva. Sogeeni, moto unatutosha sote."

Hapo zamani za kale, kabla binadamu hawajajifanya wao ndio wanaojua kutawala, wanyama walikuwa na dola yao kubwa. Dola hiyo ilikuwa na nchi nne. Mlimani ilikuwa nchi ya pimbi, Mwituni ya mbega, Nyikani ya ngiri, na Mtoni ilikuwa nchi ya vyura. Kila nchi ilijitawala. Pimbi hawakuwaambia mbega walale vipi, wala mbega hawakuwaambia vyura waimbe saa ngapi. Lakini mambo ya wote yalipelekwa Baraza Kuu, na huko kila nchi ilikuwa na kigoda chake. Jambo likiigusa nchi fulani na nchi hiyo ikalikataa, jambo hilo limekufa.

"Na mkubwa wao alikuwa nani, bibi?" akauliza Tabu.

Wakubwa walikuwa wawili, na hapo ndipo penye utamu wake. Kazi zote zilikuwa za Waziri Mkuu, naye alikuwa Ngiri, aliyechaguliwa na vigoda. Heshima zote zilikuwa za Malkia Korongo, yule ndege mrefu aliyezaliwa na taji lake kichwani. Malkia hakutoza kodi. Malkia hakuamrisha askari. Malkia hakutoa amri hata ya kufagia uwanja. Alitembea kwa madaha, ngoma zikapigwa, akaketi, basi. Barazani aliruhusiwa kusema neno moja tu, "Nimesikia," vigoda vyote vikishasema. Asipolisema neno hilo, sheria haijawa sheria. Lakini nani alijali? Alilisema kila mara, na watoto wa mbega walimwimbia njiani:

*Mwenye taji, neno moja,*
*Nimesikia, nimesikia.*
*Hana jingine, ana hilo,*
*Nimesikia, nimesikia.*

Malkia aliwapungia bawa, lakini akifika kwake moyo ulimuuma. Alijiona ni pambo la ukutani.

Sasa Ngiri mnamjua, matope kwake ni raha kuliko chakula. Siku moja akautamani mto mzima uwe bwawa lake la kugaagaa. Akatunga sheria: nchi ya Mtoni ifutwe, kigoda chake kichomwe moto, maji yote yawe chini ya Waziri Mkuu. Akaita Baraza, ila vyura hakuwaita. Pimbi alikuwa ameahidiwa mashimo mapya, mbega ameahidiwa matunda, basi wakainamisha vichwa wakasema sawa. Macho yote yakamgeukia Malkia. Akafungua mdomo kwa mazoea yake, neno likafika kooni. Mara akakiona kigoda cha Mtoni, kitupu. Akajiuliza, mimi nimesikia nini? Mtoni wamesema nini? Akafunga mdomo.

"Akanyamaza?"

"Akanyamaza, Mize, kama wewe ukiulizwa nani kamaliza sukari."

Baraza likavunjika. Malkia akarudi kwake akijishangaa, maana hajawahi kufanya kitu kama kile maishani mwake.

Ngiri akaona huyu anataka kubembelezwa. Akampelekea asali, akampelekea mwavuli, akampelekea na takia zuri lililojazwa manyoya. Mnaiona adabu hiyo? Kumpelekea ndege takia la manyoya! Halafu akaita Baraza tena, na safari hii kigoda cha Mtoni hakikuwa kitupu. Alikuwa amekikalia chura mnene, mtulivu, hapepesi macho. Pimbi akasema sawa. Mbega akasema sawa. Ngiri mwenyewe akasema sawa kwa niaba ya Nyikani. Kisha sauti ikatoka pale kigodani, "Mtoni tumekubali."

Malkia akafungua mdomo. Akasubiri.

Mbona anasubiri? Nitawaambieni. Vyura hawasemi peke yao. Mmoja akianza, wenzake humwitikia, na neno lisiloitikiwa huko Mtoni huhesabika halijasemwa. Hata salamu, hata kuomba chumvi. Ngiri hakulijua hilo kwa sababu alikwenda Mtoni kutazama maji tu. Malkia alilijua, kwani kazi yake ilikuwa kuhudhuria harusi na matanga ya nchi zote nne, na harusi za vyura alizicheza mpaka akachoka. Basi akasubiri mwitikio, mwitikio haukuja. Akafunga mdomo. Mbega mmoja akamgusa yule chura, chura akaanguka akapasuka. Kumbe wa udongo! Na nyuma ya kigoda alikuwa amejibanza Kasuku, anajifanya kutafuta mbegu.

"Akapigwa?"

"Hakupigwa. Aliona haya, na kuona haya kunatosha."

Ngiri hakuona haya. Jioni hiyo alimfuata Malkia nyumbani, akasimama mlangoni, hata hodi hakupiga.

"Mtukufu," akasema, "kesho utalisema neno lako. Usipolisema, taji hilo tunalichukua, na Kanga ataketi hapo. Naye ana pembe kichwani, na kusema hakumshindi."

Malkia akalia. Taji ndilo kitu pekee alichokuwa nacho, akinyang'anywa atabaki ndege mwenye miguu mirefu tu. Lakini akiliokoa taji, vyura hawana nchi tena. Akalia mpaka akatosheka, akajichana manyoya yake vizuri.

Asubuhi ngoma zikapigwa. Malkia akatoka kwa madaha yake yale yale, akakifikia kiti cha enzi, akakipita.

"Akakipita?"

Akakipita, tena bila kugeuka. Kwani sheria ya kwanza kabisa ya dola ilisema hivi: Baraza Kuu liko pale alipoketi Malkia. Wote waliichukulia ni maneno ya adabu tu, Ngiri naye akaichukulia hivyo. Askari wakatazamana. Nani atazuia ngoma ya Malkia? Anayeizuia amezitukana nchi zote nne. Basi Malkia mbele, ngoma nyuma yake, wabeba vigoda nyuma ya ngoma, na Ngiri nyuma kabisa anahema na kutoa jasho. Wakashuka bondeni, wakavuka matete, wakafika Mtoni. Malkia akaketi chini, palepale kwenye matope, na taji lake kichwani.

Mama Chura mmoja mzee akapanda juu ya kigoda cha nchi yake. Akasomewa ile sheria, akawatazama wenzake.

"Watu wa Mtoni tunaikataa," akasema.

Vyura wa ukingoni wakaitikia. Vyura wa kwenye matete wakaitikia. Vyura wa chini ya mawe wakatoka wakaitikia. Nanyi mbona mmenitumbulia macho? Itikieni.

"Tunaikataa!"

Zaidi.

"Tunaikataa!"

Bonde zima likavuma. Pimbi akapata moyo, akasema na yeye anaikataa. Mbega akasema na yeye. Malkia akasimama. Akalitoa lile neno, safari hii si kwa mazoea, akalitoa toka tumboni kabisa.

"Nimesikia," akasema.

Hapo hapo ikawa imekwisha: kilichosikiwa ni kukataa, na sheria ya Ngiri ikafa. Mtoni ikabaki nchi, kigoda chake kikabaki kigoda. Ngoma zikalia, vyura wakaimba, Malkia Korongo akacheza matopeni mbele ya dola yake nzima, na hakuna aliyemwona pambo tena. Vigoda vikamwondoa Ngiri uwaziri siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa ni mwiko kumpa Malkia mgongo, Ngiri ilibidi aondoke kinyumenyume, mkia juu, kinyumenyume mpaka kwake, kinyumenyume mpaka shimoni. Kazoea hivyo. Hata leo, akiingia shimoni mwake, ngiri hutanguliza matako.

Basi, wanangu, ukipewa neno moja tu duniani, usilitoe mpaka liwe la kweli. Na ukiwa mkubwa, usiwasemee watu walio mbali. Nenda kwao, keti nao, wasikie.

Hadithi yangu naitua hapo. Aliyeipenda aichukue iwe yake, asiyeipenda anirudishie.