Mavuno ya Mwenyekiti

Halmashauri ilitoa ruzuku kwa walezi wanaotunza watoto majumbani mwao, ili wawanunulie chakula kilicholimwa papo hapo wilayani. Bwana Shemhilu, mwenye duka kubwa na mwenyekiti wa kamati ya kuidhinisha, alimwendea Bi Semeni, mmoja wa walezi hao, akiwa amekwisha kata shauri.

"Maharage utanunua kwangu. Ukikataa sitii saini, na watoto wako watashindia uji mtupu."

"Lakini ya dukani kwako yametoka ng'ambo, mwenyekiti."

"Sema yametoka shambani kwangu. Nani atauliza?"

"Hakuna, baba. Wewe tia saini kama mkulima, mimi nitakusifu kwa watu."

Shemhilu alitia saini akitabasamu.

Jumamosi asubuhi aliamshwa na vigelegele. Wazazi wa watoto walikuwa wamejaa uani na vikapu vyao, Bi Semeni mbele, na kando yake afisa wa ruzuku.

"Mkulima wetu! Tumekuja msaragambo, tukusaidie kuvuna maharage ya watoto. Tuongoze shambani!"

"Nimekwisha vuna," alisema Shemhilu.

"Basi tukaone hata mashina yake," alisema afisa.

Shemhilu alimvuta Bi Semeni pembeni. "Mama, nisitiri. Nifanyeje?"

"Ya jirani yako Kaniki yamekomaa. Yanunue yangali shambani, yawe yako."

Shemhilu alitoka mbio kwa mlango wa nyuma. Alimkuta Kaniki ameketi kando ya shamba, amevaa kanzu ya Ijumaa.

"Umechelewa, mwenyekiti," alisema Kaniki. "Bi Semeni aliniambia utafika alfajiri."