Matikiti ya Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na vyungu na majirani wambea kama sisi, jua liliwaka mpaka pori zima likanyauka. Sikilizeni vizuri, na wewe hapo nyuma acha kumfinya mwenzio!

Kisima kilibaki kimoja tu, nacho kilikuwa cha Mzee Nyati. Alikifunika kwa mlango mzito, akaupiga kufuli, na ufunguo akautundika kwenye pembe yake. Ukitaka kata moja ya maji, unamlimia shamba kutwa nzima. Ngiri alilima mpaka mgongo ukapinda. Hata Fisi, mvivu yule, alilima!

Asiyelima alikuwa mmoja: Bi Digidigi, mjane mdogo mwenye miguu kama njiti na mtoto mmoja. Jambo hilo lilimnyima Mzee Nyati usingizi.

"Mke wangu," alisema, "yule mwanamke hajaja kisimani siku ya kumi leo. Umeiona pua yake? Imelowa! Na mtoto wake anarukaruka. Wanakunywa wapi?"

"Labda hawana kiu," alisema Bi Nyati.

"Mbona unamtetea? Au unampa wewe?"

"Mimi? Ufunguo si unao wewe!"

Mzee Nyati alimtazama mkewe kwa jicho la pembeni. Akamwaga majivu kuzunguka kisima ili azione nyayo za mwizi. Asubuhi akainama akachungulia. Zilikuwa zake mwenyewe tu. Akazipima kwa ukwato wake mara mbili, maana hata yeye mwenyewe hakujiamini sana.

Basi akaenda kupekua nyumba ya Bi Digidigi. "Hodi!" akaita, akaingia kabla hajakaribishwa. Akainua chungu: kikavu, buibui ametanda. Mtungi: vumbi tupu. Pembeni palikuwa na rundo la matango na matikiti.

"Na haya?"

"Chakula chetu, mzee wangu. Nilipanda bondeni wakati wa masika."

Mzee Nyati akaliweka tikiti sikioni, akalitikisa. Kibuyu chenye maji hulia chub-chub, lakini tikiti lilikaa kimya. Akalirudisha kwa dharau. Yeye alikula nyasi na mahindi makavu. Matunda ya mimea inayotambaa chini alidai ni chakula cha watoto.

"Wewe ni mwizi," alisema. "Sijui unaibaje, lakini unaiba. Kesho mnahama pori hili, wewe na mwanao. Huko nje mtakutana na chui."

Akasubiri machozi. Lakini Bi Digidigi akamtazama usoni.

"Mzee wangu, tufungie humu siku tatu na chakula chetu tu. Maji tusiguse hata tone. Tukizidiwa na kiu, mimi ni mwizi, tufukuze. Tukitoka wazima, ufunge domo na ufungue kisima, kila mnyama anywe bila kulima."

"Siku tatu, na jua hili? Ha! Nimekubali!"

"Basi tafuta mlinzi unayemwamini."

Mzee Nyati akafikiri. Ngiri? Ana kinyongo. Fisi? Atahongwa mfupa. Mkewe? Mh!

"Nitalinda mwenyewe!" akanguruma.

Bi Digidigi akainamisha uso haraka. Mzee Nyati alidhani ni woga.

Akaketi mlangoni juani, na kibuyu kimoja cha maji na gunia la mahindi ya kukaanga. Kufika adhuhuri, kibuyu kikaisha. Ndani akasikia: kacha, kacha, kacha.

"Mnafanya nini humo?"

"Tunakula tango, mzee."

"Nionyeshe!"

Likaonyeshwa. Tango kweli.

Siku ya pili koo lilimkwaruza. Mkewe akaja. "Mume wangu, midomo imekupasuka! Nipe ufunguo nikakuchotee maji."

"Ukishaupata, utarudi?"

"Haya, kaa nao!" Bi Nyati akaenda zake, amekasirika kweli.

Kwenda mwenyewe? Thubutu! Akigeuza mgongo tu, mwanamke yule atayatoa maji aliyoyaficha.

Siku ya tatu ulimi ulimning'inia. Ndani kukasikika, pwaa! Tikiti limepasuliwa. Mtoto akacheka. Juisi nyekundu ikatiririka chini ya mlango mpaka kwenye kwato za mzee. Akainusa. Akailamba. Macho yakamtoka.

"Maji! Nimekukamata! Kumbe yalikuwa humu siku zote!"

"Si ulilitikisa mwenyewe, mzee wangu? Ukaliacha, ukasema ni chakula cha watoto."

"Nipe kipande, nakufa!"

"Nipe ufunguo, nikupe kipande."

Mzee Nyati akautazama mlango. Akaitazama ile juisi, inakauka. Akainamisha pembe, na ufunguo ukaanguka, kling!

Siku hiyo kisima kilifunguliwa, wote wakanywa mpaka matumbo yakajaa, na Bi Digidigi hakuhama. Mzee Nyati alikula tikiti mpaka ganda, huku akiipindua kila mbegu ili ajue maji yaliingilia wapi.

Jua likiwaka, wanangu, maji hayanywewi tu, huliwa pia. Na asiyemwamini mtu yeyote hukauka koo ilhali ufunguo anao mwenyewe.

Nami nimesema mpaka koo limenikauka. Nani ana kipande cha tikiti hapo?