Faida ya Zefania

Mtu mmoja alikuwa na mashine ndogo ya kuchonga mbao, ile inayoongozwa na kompyuta. Jina lake Zefania, mwajiriwa wa ofisi ya maji, na mashine aliinunua ili ajifurahishe nayo baada ya kazi. Ilichonga vibao vya kuning'inizia funguo, misalaba ya kuvaa shingoni, visanduku vya hereni. Watu wakavipenda, wakaanza kununua, naye akaanza kujiita mfanyabiashara. Hesabu yake ilikuwa fupi: bei ya kitu, toa bei ya mbao, kinachobaki ni faida. Waliomwuliza kama kazi ile inalipa aliwajibu kifua mbele kwamba inalipa.

Sasa, katika nyumba ile umeme ulinunuliwa na mkewe, Anaeli. Walipatana hivyo zamani kwa sababu friji ilikuwa ya mke: aliuza mtindi, na barafu za ubuyu kwa watoto wa shule. Mume alilipa kodi, mke alinunua umeme, kila mtu na lake. Mashine ilipoingia chumba cha nyuma, umeme ukawa haukai, lakini Zefania hakuona sababu ya kuyagusa makubaliano yale. Ukiisha, alichungulia jikoni akamwambia mkewe aongeze kidogo, kazi imekolea. Mwanzoni Anaeli aliongeza kwa moyo mweupe, baadaye aliongeza kwa kunyamaza. Wala tusimsingizie mumewe kwamba hakuuona ukimya ule. Aliuona, akauita uchovu.

Wiki ya sikukuu ya mavuno, Zefania akataka kutoa sadaka itakayozungumzwa. Akachonga kisanduku cha mninga chenye mashuke ya mtama juu ya kifuniko. Mashine ilikwenda mchana kutwa, na mara tu ilipomaliza, umeme ukaisha. Anaeli alikuwa amekwenda msibani kwa dada yake, angelala huko. Zefania alikuwa na pesa mfukoni za kununulia umeme. Lakini umeme haukuwa fungu lake, na kazi iliyobaki haikuuhitaji, basi akaketi mlangoni kukipiga kisanduku msasa.

Anaeli aliporudi kesho yake alikuta barafu zimekuwa maji na mtindi umechacha. Alimwaga vyote nyuma ya nyumba, pamoja na ndoo ya mtindi aliyoitenga kwa sadaka ya kanisa. Zefania alimsikia akimwaga, akajitafutia shughuli upande wa mbele.

Jumapili mazao yalipelekwa madhabahuni, kisha yakatolewa nje kupigwa mnada, kama ilivyo desturi. Mchungaji alikiinua kisanduku akamsifu ndugu yetu aliyemtolea Mungu jasho la mikono yake. Watu walipiga makofi. Walishindana bei mpaka kisanduku kikapita mbuzi wawili waliofungwa pale kando. Zefania alisimama amevaa suti, akitabasamu huku na huku.

Mzee wa kanisa aliyeendesha mnada alikuwa mtu wa utani. Alimwona Anaeli ameketi mikono mitupu, akamwuliza mbele ya watu wote mbona mwaka huu ndoo yake ya mtindi haionekani.

Anaeli alisimama kwa adabu. "Imekuja, mzee," akasema. "Imo ndani ya kile kisanduku."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa mke anayejivunia mume wake. Mtu mmoja tu alielewa. Zefania aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asijue mikono yake aiweke wapi. Neno moja la ukweli lingetosha kumwinua mkewe pale pale, na lilikwisha kufika kooni. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na sifa zilikuwa bado za moto. Akalimeza lile neno, akacheka pamoja nao. Anaeli alimtazama akicheka, kisha akaketi.

Basi ninyi mnaouliza kama vitu vidogo vya mashine vina faida, mimi sina hesabu ya kuwapa. Nauliza tu: nyumbani kwako, umeme ananunua nani?